Siku Bamama ba Beni Balinilisha Maini

Kuna haya ya kusahau na kuna haya ya kuzeeka nayo, na yangu ni ile ya pili, juu kila asubui nikivaa kiatu inanikumbusha yenyewe, donc afazali niwaelezee mwenyewe kuliko muisikie kwa bamama ba Beni, bale banaongezaka chumvi (na ku hii habari, niwaambie ukweli, chumvi haikukosa). Mi njo ule mwalimu mwenye alianguka chini katikati ya somo juu ya afya. Hapana mbele ya somo, hapana kisha somo. Katikati, pale pale nilikuwa nabaambia "muniangalie mimi." Na kweli, bakaniangalia.

Ilikuwa wakati wa rébellion, ile miaka barabara ya Butembo na Beni ilikuwa na barrière za banajeshi mingi kuliko madaraja. Nilikuwa nafundisha mwaka ya tano ku école primaire moja ya Baprotestanti ku Butembo, bibi yangu Masika alikuwa nashona manguo ku véranda yetu, tulikuwa na batoto batatu, na nilikuwa pia na mbuzi ine kwa kaka yangu ku Vuhovi. Siku moja banajeshi bakapita Vuhovi, bakakula mbuzi. Bamoja banasema ni bale ba pori, bengine banasema ni bale balikuja kutulinda na bale ba pori. Mbuzi hazikupata nafasi ya kuuliza.

Miezi mbili kisha, musichana wa kaka yangu akaolewa, kule kule Vuhovi, na niwaambie ile siku ndipo ujinga yote ilianzia. Tuliikala ku meza ya bakubwa, batu kumi na mbili, sahani ya nyama ikazunguka kuanzia kwa pasteur wetu wa Butembo, na mi, juu nilifika nimechelewa (mvua, matope, barrière, munajua), nilikuwa mutu wa mwisho. Sahani ikafika kwangu na supu ndani yake na mufupa moja yenye mutu alikuwa amekwisha kuitumikisha. Meza yote ikaniangalia na ile huruma ya kuangalia mutu mwenye alikulwa mbuzi ine na leo anakosa hata kipande ya mbuzi ya bengine. Mama wa bwana-arusi akainama kwangu, akasema pole pole: "Mwalimu Kakule, umekosa nyama."

Ningesema ndiyo, angeniletea. Jikoni ilikuwa na nyama, niliisikia arufu yake kutoka pale. Mais nilikuwa na cravate ku shingo, nilikuwa mwalimu, na ile huruma ilikuwa inanichoma, alors nikajibu: "Mama, usihangaike, mi siku hizi hapana kulaka nyama."

Kintu kadogo vile tu. Maneno saba ao nane.

Muzee moja pembeni yangu akauliza ni juu ya nini. Pale ningesema tumbo. Mutu akisema tumbo, hakuna mwenye anauliza tena. Mais mwalimu akiulizwa swali hapana kujibiaka na neno moja, nikaanza kueleza namna nyama inachafua damu, namna mutu wa majani anaishi siku mingi, na muzee akauliza, na samaki je? Nikasema samaki pia. Na mayai? Nikaona siwezi kurudi nyuma, nikasema mayai pia. Na maziwa? Maziwa pia, muzee. Vile tu, mu dakika moja, nilijifungia milango yote ya nyumba na miye niko ndani, na kusema kweli nilisikia utamu, juu ile meza yote ilikuwa imeacha kunihurumia, ilikuwa sasa inanisikiliza. Pasteur mwenyewe, na nyama mu meno, akaitika kwa kichwa.

Kosa ya pasteur ni kuwa alikuwa na kumbukumbu muzuri. Siku ya Yenga, jumapili, yenye ilifuata akaniita mbele ya kanisa niseme ile habari ya majani. Na hapa nibaachilie batu ba Butembo heshima yao: hawakuwa bajinga. Ile wakati nyama ilikuwa kitu ya kuona kwa banajeshi tu. Ng'ombe zilikuwa zimenyanganywa, samaki ya chumvi kutoka Kyavinyonge ilikuwa inafika kama barabara inataka, kuku zilikuwa zinaliwa na bale hawakuzilisha. Sasa anasimama mutu na cravate, anabaambia kuwa ile sahani yao ya obundu na sombe, bugali na majani ya muhogo tu, bila kitu ndani, ile ya kula bila kuangaliana, si umasikini, ni akili. Nani angekataa? Nilitoka pale na jina mupya, Mwalimu wa Majani, na jina ikatembea mbele yangu mpaka Beni, fasi nilienda kufundisha mwaka ile ile.

Donc nikaishi na jina yangu. Mwaka moja, mbili, tatu, ya ine ikaanza. Bugali na lengalenga, maharagi na kabichi, sombe ya mafuta ya mawese, na Masika kila siku anatupikia wote ile majani, sufuria moja, bila kusema kitu. (Mwanamuke wa Kinande akinyamaza miaka tatu, jua kuna jambo. Mi nilifikiri ni heshima.) Nilikuwa napeleka batoto bangu mbele ya batu sawa ushahidi: muangalie mashavu, muangalie meno, batoto ba majani. Na balikuwa muzuri kweli, bananona, banaruka. Miye njo nilikuwa nakauka, mais mutu mwenye anatafuta ushahidi kwa bengine hapana kujiangaliaka ku kioo.

Ulimi ilianza kwanza. Ikakuwa nyekundu na laini sawa ya mutu alikunywa chai ya moto kila saa, pilipili ikawa azabu. Kisha miguu. Nilikuwa nasikia sawa nimevaa soksi na miye sina soksi, kisha sawa nimevaa soksi mbili, kisha sindano ndogo ndogo ku vidole, kisha mara moja moja sisikii kitu, sandali inabakia mu matope na mi naendelea na barabara. Mu darasa nilikuwa nasahau majina ya banafunzi. Nilimwita Paluku Mbusa, na Mbusa nikamwita "wewe kule." Masika akaniambia siku moja kuwa rangi yangu imekuwa sawa karatasi yenye banafungiaka sabuni. Nikamuelezea, na sauti ya mutu mwenye anajua, kuwa ni uchafu ya nyama ya zamani inatoka mu mwili. Akauliza uchafu gani inachukua miaka tatu kutoka. Nikamwambia hapana kuelewa sayansi.

Alors ikafika barua ya bamama ba Beni. Balikuwa banafanya séminaire ya siku tatu mu kanisa moja ku Bungulu, mu Beni, bamama sitini kutoka ma paroisse yote, na siku ya kwanza balitaka Mwalimu wa Majani abafundishe juu ya vitamine. Président yao, Mama Kavugho, aliandika kuwa bengi kati yao banafuata mafundisho yangu tangu niliwatembelea mara ya kwanza. Nikasoma ile fasi mara mbili kwa sauti, ili Masika asikie.

Nikatayarisha somo ndani ya kitabu moja ya zamani ya masomo ya jikoni. Vitamine A, karoti, macho. Vitamine C, malimao, ufizi. Ukurasa ya vitamine B ilikuwa imeliwa na mende, nikafikiri kama mende zimeikula, haikuwa na maana sana. Nikaweka mu kigunia karoti, kabichi na lengalenga za kuonyesha, na juu bamama banapenda kuona na macho, nikasaga jus ya majani na ndizi ya kuiva, nikaijaza mu chupa kubwa ya bia yenye niliosha muzuri, nikafunga na kifuniko ya muti. Muniwekee alama pale, ku chupa.

Ku Butembo kuko baridi, chupa ikaikala kimya siku mbili. Ku Beni kunashuka, joto inaongezeka kila kilometa, na miye nimesimama mu kamyo katikati ya magunia na koti yangu ya sufu, nasikia tu chupa inaanza kuimba mu kigunia. Ku barrière ya mwisho mbele ya Beni, bakatuambia wote tushuke, tupite kwa miguu na makaratasi mu mukono. Kushuka kamyo na miguu yenye hapana kusikia ni kazi ya kubahatisha, unatuma muguu chini na unangoja habari. Nilifika chini, nikafungua miguu kabisa ili nisianguke, nikaanza kutembea sawa bata.

Askari moja, kijana wa macho mekundu, akaniangalia nakuja. "Vieux, olangwi," akasema kwa Lingala, ni kusema mi nimelewa. Nikamwambia mi ni Muprotestanti, nikafikiri ile inatosha. Akachora mustari mu vumbi na kitako ya bunduki, akaniambia nitembee juu yake. Nikatembea kando yake. Akaniambia nisimame, miguu pamoja, nifunge macho. Nikafunga macho, na dunia yote ikaondoka, sijui tena miguu iko wapi, nikaanguka juu yake na kichwa mu kifua yake, na kigunia ikaanguka na miye, na ile chupa, yenye ilikuwa inangoja sababu tu, ikapasuka.

Ile arufu, barafiki. Ndizi na majani siku mbili na joto ya Beni, ilikuwa kasikisi, pombe ya ndizi, ya kweli kweli, hata bale ba barrière banakunywaka kila siku balikubali. Nikaanza kueleza kuwa ni jus, ni ya somo, ni ya bamama, ni mambo ya vitamine. Kila neno nilisema, arufu ilikuwa inajibu mbele yangu. Kamyo ikaenda. Askari akanipatia kisu ya majani, akasema balevi ba pale banakataka majani ya kando ya barrière mpaka pombe itoke mu kichwa. Donc Mwalimu wa Majani akaanza kukata majani. Nilikata majani na sandali moja tu, ingine ilibakia pale chupa ilipasuka, muguu mutupu juu ya vipande, mais ile sikuijua, na hapa njo mambo yote.

Nusu saa ilikuwa haijaisha, camionnette moja ikafika, imejaa bamama na bitambaa vya rangi moja, banaimba. Bakashuka na makaratasi yao. Wimbo ikakufa sauti kwa sauti. Mama Kavugho akafika karibu, mama mukubwa wa mwili na wa sauti, akaniangalia, akaangalia kisu, akasikia arufu. Akaenda kusema na askari. Sikusikia maneno yao yote, nilisikia tu askari anauliza "mwalimu ya nini?", na Mama Kavugho anajibu polepole sana "ya afya," na askari anaikala chini juu ya jiwe ili acheke muzuri. Bakaniachilia. Mu camionnette hakuna mutu aliniuliza kitu. Balinipatia nafasi, hata mingi, kila mama alivuta kitambaa yake kando.

Mutu wa akili angesema niko mugonjwa, munipeleke nilale. Miye nikafikiri: somo muzuri itafuta yote. Nikaosha uso, nikavaa cravate, nikasimama mbele ya bamama sitini kisha saa sita ya muchana, jua linapika mabati. Nikaanza na karoti. Karoti ilienda. Nikafika ku damu, nikaeleza kuwa lengalenga njo inaleta damu, na juu niliona bamama ba mbele bananong'ona, nikaongeza sauti, nikatembea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikaambia bale banasema mutu bila nyama hana damu: "muniangalie mimi."

Mama mwenye aliikala mbele kabisa, mwembamba, na mutoto ku mugongo, akaonyesha chini na kidole. Nikaangalia chini. Cement ya kanisa ilikuwa na alama za muguu yangu za damu, kutoka ukuta mpaka ukuta, muzuri sana, kila moja na vidole vyake vitano, hakuna alama ya sandali, sawa mutu alikuwa anapiga muhuri. Nilikuwa natembea na kipande ya chupa mu muguu tangu barrière. Nilikuwa sisikii. Ninabaonyesha damu, nayo ilikuwa kweli mingi. Nikataka kusema kitu ya akili juu ya ile, kanisa ikageuka, kabichi ikaanguka ku meza, na miye nikaifuata.

Balinipeleka ku centre de santé juu ya kinga, ni kusema baiskeli, nimeikala nyuma sawa gunia ya makala, bamama ine banasukuma na bengine kumi na tano banafuata banaomba, na batu ba Bungulu banatoka mu nyumba kuuliza ni nani amekufa. "Ni mwalimu wa afya," bakajibiwa. Nilikuwa nimeamka tayari. Nilisikia yote. Nilifunga macho.

Infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa muzee wa mvi na miwani yenye muguu moja ilifungwa na kamba. Alitosha kile kipande ya chupa na pinsi, akaniuliza kama inauma, nikamuuliza kama ameanza. Njo pale aliacha kuangalia kidonda, akaanza kuniangalia miye. Akaniambia nitoshe ulimi. Akavuta ngozi chini ya jicho. Akanisimamisha, miguu pamoja, akaniambia nifunge macho (nikamwambia askari amekwisha kufanya ile, akasema ule askari angekuwa infirmier muzuri), na nikaanguka tena, mara hii ku kitanda. Kisha akaniuliza nakulaka nini. Mulango ilikuwa imejaa bamama. Nikasema majani. Na samaki? Hapana. Mayai, maziwa? Hapana. Tangu wakati gani? Nikasema inaingia mwaka ya ine. Akatosha miwani.

Alieleza bila kunigombeza, na ile njo ilinichoma zaidi. Alisema majani hapana mubaya, maharagi ni muzuri, mutu anaweza kuishi bila nyama na akuwe na nguvu, mais kuna vitamine moja, B12, haikalake mu majani hata kidogo, iko mu nyama, mu samaki, mu mayai, mu maziwa, na mwenye anakataa ile yote sherti atafute kidonge ao sindano. Alisema mwili unaiweka mu maini sawa mu dépôt ya akiba, inaweza kukutosha miaka mbili, tatu, ine, ndiyo maana mutu anajidanganya kuwa iko muzuri, mpaka siku dépôt inaisha na mishipa inaanza kukauka. Majani yalikuwa yananisaidia damu kidogo, njo maana sikuanguka mbele, mais miguu na kichwa hazikuwa na mutu wa kuzisaidia. Akaniuliza kama ku masomo yangu sikukuta habari ya vitamine B. Nikajibu kuwa ile ukurasa ilikuwa na shida.

Mpaka pale ilikuwa kicheko. Ningeweza kwenda nayo nyumbani. Mais wakati infirmier alikuwa anatafuta sindano, macho yake ikaenda ku ule mama mwembamba, mwenye alionyesha na kidole. Jina yake Kahambu. Mutoto wake alikuwa ametoshwa ku mugongo, amelala ku mapaja, kichwa imeanguka nyuma sawa ya mutoto wa siku tatu. Infirmier akauliza ana miezi ngapi. Kenda. Anaikala? Kahambu akasema alikuwa anaanza kuikala, kisha akaacha. Anacheka? Alikuwa anacheka, sasa anaangalia tu. Infirmier akainama juu ya mutoto muda murefu, akapiga makofi karibu na sikio, akashika mukono na kuiachilia, ikaanguka. Kisha akauliza Kahambu kile aliniuliza miye: unakulaka nini?

Kahambu hakuangalia infirmier, aliangalia miye. Akasema yeye ni mutu wa majani tangu Mwalimu alikuja Beni mara ya kwanza, mbele hata aolewe. Hata mimba yote, hata wakati bamama-mukwe walimuletea mayai, alikataa.

Infirmier akasema maziwa yake mama inakosa kile kitu mwili wake hauna, na mutoto hana dépôt yoyote, donc mutoto apigwe sindano leo na yeye pia, na kuanzia leo akule mayai, akule samaki. Kahambu akavuta mutoto ku kifua. Akasema hapana, mayai inachafua damu, Mwalimu alibafundisha, na Mwalimu hawezi kubadilisha juu ya sindano moja. Hakuwa mukali. Alikuwa anangoja tu nimusaidie kukataa.

Nilikuwa na ma jibu mingi. Ningesema sayansi imeendelea. Ningesema kwa batoto ni tofauti. Nilizifikiria zote, niwaambie ukweli, hata pale bado nilikuwa natafuta njia ya kutoka na cravate yangu. Mais ule mutoto akageuza macho polepole, macho makubwa yenye hakuna kitu nyuma, akaniangalia sawa unaangalia ukuta, na nikasikia haya yenye hata miguu yangu ingeisikia.

Nikasema: "Kahambu, hakuna kitu nilijua. Ku arusi moja nyama iliniishia, nikaona haya kuomba ingine, nikasema mi hapana kulaka. Njo ile tu. Yote yenye nilikufundisha inatoka mu ile sahani."

Hakuna mutu alicheka. Ningependa bacheke. Kahambu akauliza, na sauti ya mutu anataka tu kuelewa: "Sahani moja?"

"Sahani moja," nikajibu.

Akafungua kitambaa, akamupatia infirmier mutoto.

Ile dawa ni nyekundu, hamujui, nyekundu sawa jus ya bissap, mu chupa kadogo ya kuvunja shingo. Ile wakati dawa ilikuwa inafika Beni kama inapenda, infirmier alikuwa na sanduku moja tu na haikujaa. Akahesabu, akasema mutoto na mama kwanza, siku zote zenye zinahitajika, na miye nitapata kile kitabakia, na kwa ingine nitapona kwa mudomo. Maini ya ng'ombe, kila siku, na mayai. Mama Kavugho akasema ile bamuachie yeye.

Na alifanya. Siku mbili zenye zilibakia za séminaire, somo ya vitamine ilibadilishwa. Bamama balikuwa banaleta maini ku uwanja ya kanisa, banaipika mbele yangu na vitunguu, bananiweka ku kiti, na bamama sitini banaikala kwa duara kuangalia Mwalimu wa Majani anakula. Kila kipande. Kama naacha kutafuna, mutu mmoja anasema "iko ingine." Siku ya pili askari wa barrière alipita na kinga, akasimama, akauliza ni nini, bakamuelezea yote, akaomba nafasi ya kuikala. Niliwahi kufundisha miaka kumi na moja, sijapata siku hata moja darasa yenye inanifuata na macho vile.

Nilirudi Butembo na fimbo. Nilijitayarisha kumuomba Masika musamaha kwa ile miaka yote nilimunyima nyama yeye na batoto. Niliikala, nikamuelezea kila kitu, kasikisi, barrière, alama za damu, Kahambu. Masika aliendelea kushona mpaka mwisho wa mustari, akakata uzi na meno. Kisha akaniambia, bila haraka, kuwa yeye na batoto balikuwa banakulaka kwa yaya yake, dada yake mukubwa, tangu mwezi ya pili ya majani yangu, samaki ya Kyavinyonge, mayai, na nyama kama iko, kila wakati mi niko ku kanisa nafundisha. Alijaribu kuniambia mara tatu, na kila mara nilimuelezea sayansi. Ile mashavu ya batoto yenye nilionyesha batu ku Butembo, ku Vuhovi, ku Beni, ilikuwa mashavu ya samaki.

Nikakumbuka namna nilikuwa nabasimamisha batoto mbele ya kanisa, na Masika ku kiti ya nyuma anainamisha kichwa. Nilifikiri anaomba.

Mutoto wa Kahambu aliikala mwezi ya pili kisha sindano. Alicheka mbele ya ile, infirmier alinitumia habari kwa mutu wa kamyo, na ile barua nilisoma kwa kimya. Alichelewa kutembea, mais alitembea. Miye nimebakia na vidole vitatu vya muguu wa kushoto vyenye havijarudi, infirmier alisema mishipa mingine ikingoja sana hairudi, donc asubui naangalia na macho kama kiatu imeingia.

Nikienda Beni napitaka kwa Kahambu. Ananiweka ku meza, analeta mayai mbili, anaikala mbele yangu mpaka sahani inakuwa mweupe. Mutoto anakimbia mu parcelle, anaanguka, anaamka. Kahambu haniiti tena Mwalimu, ananiita Papa Kakule sawa batu bote, na sijamurekebisha. Mara moja jirani yake aliingia, akatukuta, akaniuliza, juu alisikia mi nilisoma, kama ni kweli mayai ni muzuri kwa mutoto. Nilikuwa na jibu. Ilikuwa hata jibu ya kweli. Nilijaza mudomo na yai, nikamuonyesha njia ya kwa infirmier.